Kozi, posho au ruzuku: ufadhili upi ukupeleke kituo cha uwandani?

Tuseme umepata barua mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza inakusamehe ada ya kozi ya wiki nne kwenye kituo cha biolojia cha chuo kikuu fulani, kando ya ziwa. Ya pili inakupa posho ya wiki kumi umsaidie mtafiti kwenye kituo kingine, mlimani. Jicho linakimbilia tarakimu, na kwa kuwa posho ina tarakimu na msamaha hauna, mkono unataka kusaini posho. Mimi huanzia kwingine. Alfajiri ya siku ya kumi na tano, umeshika tochi na daftari lililolowa umande, utakuwa unajibu swali la nani?

Swali hilo linaugawa ufadhili wa vituo vya uwandani, yaani vituo ambako wanafunzi na watafiti huishi wakisoma viumbe mahali pao pa asili, karibu wote katika mafungu matatu. Kwenye kozi iliyofadhiliwa, swali ni la mwalimu. Kwenye posho ya utafiti, swali ni la msimamizi nawe unamegewa kipande. Kwenye ruzuku ndogo, swali ni lako, na njaa pia ni yako. Lipo fungu la nne, la kufanya kazi za kituo ili upate kitanda, nalo nitaligusa kwa ufupi tu.

Kwanza, habari ya meza

Wengi hudharau ufadhili usiopita mkononi mwao, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Mwanazoolojia Mjerumani Anton Dohrn alipoanzisha kituo chake cha viumbe wa baharini huko Naples mwaka 1872, alihitaji fedha za kukiendesha, akabuni mpango wa kukodisha meza. Serikali au chuo kililipia meza kwa mwaka mzima, na mtu kiliyemtuma alifika akakuta kila kitu kipo: nafasi ya kazi, kemikali, maktaba, na wanyama hai waliovuliwa na wakusanyaji wa kituo. Hakukabidhiwa fedha. Alikabidhiwa meza.

Ida Hyde, mwanafiziolojia Mmarekani aliyepata uzamivu Heidelberg mwaka 1896, alifanya kazi pale, na kutokana na juhudi zake wanawake wa Marekani walichanga, wakaunda chama cha kulipia meza ya watafiti wanawake. Walijua wanachonunua: mlango ambao bila kulipiwa ungebaki umefungwa kwao.

Vituo vingi vya leo bado vinagawa meza, ingawa hawaiiti hivyo. Wanasema umesamehewa ada ya kituo, au umepewa siku kadhaa za malazi, au umeondolewa gharama ya maabara. Ukiona maneno hayo usiyaruke. Mara nyingi ndiyo yanayobeba gharama kubwa kuliko zote.

Kozi iliyofadhiliwa

Vituo vikongwe vya vyuo vikuu vilijengwa kwa ajili ya kufundisha kiangazi. Kituo cha Chuo Kikuu cha Michigan kando ya Ziwa Douglas kilianza mwaka 1909. Maabara ya Friday Harbor ya Chuo Kikuu cha Washington, kisiwani, ni ya mwaka 1904. Mountain Lake ya Chuo Kikuu cha Virginia ni ya 1929. Mtindo wake haujabadilika sana: unasoma somo moja au mawili tu, kutwa nzima, kwa wiki chache, na jioni unarudi maabara kutambua ulichokusanya asubuhi. Kwa wiki hizo chache unashika viumbe wengi kuliko wale uliowaona kwenye slaidi kwa mwaka.

Ada za kozi kama hiyo kwa kawaida ni tatu, na barua ya ufadhili hupenda kutaja moja tu. Ipo ada ya masomo, inayokwenda chuoni. Ipo ada ya kituo, yaani kitanda na milo. Halafu ipo safari, na hiyo ni juu yako. Msamaha wa ada ya masomo kwa mtu ambaye chuo chake tayari kinamlipia masomo haumwongezei kitu; msamaha wa ada ya kituo ungemwokoa. Kwa hiyo kabla ya kushukuru, uliza msamaha unagusa ada ipi.

Jambo la pili ni krediti. Kozi ikiwa nzuri namna gani, kama idara yako haitaitambua, umerudi na ujuzi bila alama, na huenda ukachelewa muhula. Pata kibali cha idara kwa maandishi kabla ya kusafiri. Neno la mdomo kutoka kwa mkuu wa idara halisaidii akibadilishwa.

Vilevile, angalia uanachama wa chuo chako. Shirika la OTS (Organization for Tropical Studies), lililoundwa na vyuo mwaka 1963 na linalomiliki kituo cha La Selva huko Costa Rica, ni muungano wa vyuo vikuu, na mwanafunzi anayetoka chuo mwanachama hupata nafuu ya ada kwenye kozi zake. Nafuu ya aina hiyo haidai insha wala barua za mapendekezo. Inadai tu ujue kwamba ipo. Nimeona watu wakihangaika wiki tatu na fomu ya ufadhili mdogo huku nafuu hii ikiwasubiri kwenye ofisi ya idara yao wenyewe.

Nimesema swali la kozi ni la mwalimu, lakini mpaka huo si ukuta. Kozi za mwezi mmoja za Tropical Biology Association, ambazo zimefanyika mahali kama Kibale nchini Uganda na Amani nchini Tanzania, zinawachanganya wanafunzi wa Afrika na wa mabara mengine, na sehemu yake moja ni mradi ambao mwanafunzi anaubuni, anaufanya na kuuwasilisha mwenyewe. Kwa siku hizo chache swali linahamia kwako. Kwa Mwafrika ambaye gharama za kozi hiyo zimebebwa, sijui fedha nyingine inayomfikisha mbali hivyo kwa mwezi mmoja.

Kozi pia inatoa kitu kisichoandikwa kwenye tangazo: barua ya mapendekezo yenye nyama. Mwalimu aliyekuona umeloa mvua, umekosea kuhesabu ploti, vile vipande vya ardhi vilivyopimwa kwa utafiti, ukarudia bila kulalamika, ana la kuandika. Yule aliyekufundisha kwenye ukumbi wa watu mia tatu ataandika kwamba ulipata alama nzuri, jambo ambalo cheti chako kimeshalisema.

Posho ya utafiti

Hapa mpango unaojulikana zaidi ni ule wa REU wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ulioanza mwaka 1987. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anakaa na msimamizi kwa wiki kama kumi za kiangazi, analipwa posho, na mara nyingi malazi na nauli huongezwa. Vituo kadhaa vya uwandani vya vyuo vimekuwa wenyeji wa mpango huo. Sharti lake la kwanza ndilo linalowaondoa wengi: fedha hizo ni za raia wa Marekani au wakazi wake wa kudumu, ambao hawajamaliza shahada ya kwanza. Kama hufai, usipoteze jioni kwa kujaza fomu. Mwandikie mtafiti moja kwa moja uulize kama mradi wake una fedha za msaidizi kutoka mfuko mwingine. Watafiti wengi wanazo, na nafasi hizo aghalabu hazitangazwi kwa upana.

Uzuri wa posho unazidi posho yenyewe. Huko Wytham, msitu wa Chuo Kikuu cha Oxford, ndege wadogo wanaotaga kwenye masanduku ya mbao wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1947. Gothic, Colorado, kwenye maabara huru ya Rocky Mountain iliyo juu ya mita 2,800, kindi wakubwa wa ardhini waitwao mamoti wamehesabiwa na kuwekwa alama tangu 1962. Hakuna ruzuku ya mwanafunzi inayoweza kununua kitu kama hicho. Ukipokelewa kama msaidizi kwenye mradi wa namna hiyo unakuta wanyama wana alama, vibali vipo, njia za msituni zimeshapasuliwa, na takwimu za miongo zinangoja mtu mwenye wazo dogo jipya.

Unalipa kwa saa zako. Zipo posho ambazo mwanafunzi anaamka, anapima, analala, anaamka, anapima, na mwisho wa wiki ya kumi hajui alichopima kilikuwa na maana gani. Zipo nyingine ambazo nusu ya juma ni ya mradi mkuu na nusu ni ya mradi wako. Tangazo la zote mbili lina maneno yaleyale kuhusu “uzoefu wa utafiti”. Tofauti utaipata kwa kuuliza mambo haya: ni saa ngapi kwa wiki zitakuwa za kazi yangu, nikiondoka ninaondoka na nakala ya takwimu nilizokusanya au la, na msimamizi mwenyewe atakuwepo kituoni siku ngapi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Msimamizi anayekuja kila mwezi kwa siku mbili amekukabidhi kwa mwanafunzi wa uzamivu aliyechoka, na mafunzo yako yatategemea tabia ya huyo.

Omba majina ya wanafunzi wawili wa msimu uliopita uzungumze nao. Msimamizi mwema hutoa bila kusita.

Ruzuku ndogo

Ruzuku ndogo ndiyo yenye heshima kubwa midomoni na kiasi kidogo mfukoni. Chama cha watafiti cha Sigma Xi, cha Marekani, kimekuwa kikitoa ruzuku za kusaidia utafiti tangu mwaka 1922, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na wa juu. Fedha hizo ni za safari ya kwenda na kutoka mahali pa utafiti, na za vifaa maalumu ambavyo maabara ya kawaida haina. Mshahara wako hauingii, wala karo. Taasisi ya Rufford, ya Uingereza, inasaidia miradi ya uhifadhi katika nchi zinazoendelea. Kama swali lako ni jinsi mende anavyosaga chakula, bila uhusiano wowote na kulinda viumbe au makazi yao, umekosa mlango. Nina maana kwamba kila ruzuku ndogo imeandikwa kwa kazi fulani, na kulilazimisha swali livae nguo isiyo yake huonekana kwenye ukurasa wa kwanza.

Basi kwa nini mtu aitafute? Kwa sababu ya kisa kama cha mwanaikolojia Robert Paine. Kuanzia mwaka 1963 alikuwa akirudi tena na tena kwenye miamba ya Mukkaw Bay, jimbo la Washington, kung'oa viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, na kuwarusha baharini. Chombo chake kilikuwa mtaimbo. Makala yake ya mwaka 1966 ilionyesha kwamba palipoondolewa mwindaji huyo, aina za viumbe zilishuka kutoka 15 hadi 8, kwa sababu kome walitawala mwamba. Hakuwa mwanafunzi wakati huo, lakini gharama za jaribio lenyewe zinafundisha: mtaimbo na nauli. Swali lenye nguvu linaweza kuishi kwa fedha ya kurudi mahali palepale mara nyingi, na nauli ndiyo hasa ruzuku ndogo inayokubali kulipa.

Ugumu wake ni kalenda. Unaomba leo, jibu linakuja baada ya miezi, fedha zinaingia baadaye zaidi. Ndege hawangoji, wala maua. Hesabu kinyumenyume kutoka siku ambayo kiumbe wako anaanza kutaga au kuchanua: toa muda wa kibali cha utafiti, ambacho katika nchi nyingi ni karatasi tofauti na ruhusa ya kituo, toa muda wa fedha kufika, toa muda wa uamuzi. Tarehe utakayoifikia ndiyo tarehe yako ya kuomba, na aghalabu ni mwaka mmoja kabla. Ukiona imeshapita, chukua kozi au posho msimu huu, na uandike andiko lako ukiwa huko huko kituoni, ambako utajua bei halisi ya mashua na umbali halisi wa ploti.

Ruzuku yangu ya kwanza ililipwa kwa risiti: nunua kwanza, leta karatasi, subiri. Nilirudi kutoka uwandani na deni, na fedha zikaingia baada ya ripoti. Hakuna aliyenidanganya. Sharti lilikuwa ukurasa wa tatu, nami nilisoma wa kwanza kwa furaha.

Hesabu ambayo barua haikufanyii

Kitanda na milo ya siku moja kituoni tuviite kipimo 1. Unakwenda siku 60, basi ni 60. Nauli tuseme ni 20, vibali na bima 8, vifaa vyako binafsi, viatu na tochi na koti la mvua, 6. Jumla 94.

Ufadhili wa kwanza unakupa 80 taslimu na kukutakia safari njema. Wa pili unakupa 30 tu, lakini kituo kinabeba kitanda na milo, nauli inalipwa, nawe unabakiwa na vibali, bima na vifaa, yaani 14. Wa kwanza unakuacha na pengo la 14. Wa pili unakuacha na 16 mfukoni. Aliyeringia 80 anakopa, na mwenye 30 anarudi na akiba.

Ifanye hesabu hii kwa bei za kituo chako halisi. Vituo huorodhesha ada kwa mtu kwa siku, na ukikosa, barua pepe moja kwa ofisi yao inatosha. Ongeza na kodi. Nchini Marekani, kwa mfano, sehemu ya ufadhili inayolipia karo na vitabu vya lazima kwa mwanafunzi wa shahada haitozwi kodi ya mapato, ila sehemu ya chakula na malazi inahesabiwa kuwa mapato. Posho isiyokatwa kodi mapema inaweza kuja kukudai mwaka unaofuata.

Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye orodha yoyote: kipato unachokiacha. Kama wewe ndiye unayelipia matumizi ya wadogo zako kwa kazi ya likizo, kozi iliyosamehewa ada zote bado ni ghali kwako kuliko kwa mwenzako. Sema hivyo kwenye maombi, waziwazi. Baadhi ya vituo vina fungu la kufidia kipato, na hawawezi kulitoa kwa asiyesema.

Na kazi kwa kitanda? Kuosha vyombo jikoni, kutunza ghala la vifaa, kuendesha gari la kituo. Inamfaa mtu ambaye tayari ana mradi mdogo pale na anatafuta kuongeza siku. Kwa anayekwenda mara ya kwanza ningemwambia asichukue, maana baada ya saa nane za jikoni hakuna anayetoka usiku kuhesabu vyura.

Kipimo kisichohusu fedha

Kituo cha uwandani kiko mbali, watu ni wachache, na anayekusimamia mara nyingi ndiye mwenye funguo za gari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji watu 666 wa fani za uwandani. Asilimia 64 walisema waliwahi kunyanyaswa kijinsia kwa maneno au ishara wakiwa kazini, na wengi wa walioumizwa walikuwa wanafunzi na vijana wa chini. Kwa hiyo, barua zote mbili zikiwa mezani, uliza kila kituo: kanuni za maadili ziko wapi, malalamiko anapelekewa nani asiyekuwa msimamizi wangu, na nikitaka kuondoka usiku naondokaje. Kituo kinachojibu siku hiyohiyo kwa majina na namba kimejiandaa. Kinachokujibu kwamba “sisi hapa ni familia” hakijajibu, na hata kingekuwa na posho mara mbili ningeweka barua yake chini.

Ningemshauri nani nini

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, asiyejua bado kama anapenda mimea, samaki au wadudu: kozi. Asiogope kwamba haina posho, ilimradi ada ya kituo imesamehewa na krediti zimekubaliwa.

Anayekaribia kumaliza shahada ya kwanza na anafikiria uzamili: posho, hata kama kiumbe si yule anayempenda. Nimeona wapenda chui wakisoma mengi kuhusu utafiti kutokana na konokono, kwa kuwa konokono anapatikana kila siku na chui haji.

Mwenye swali lake mwenyewe, lililoandikwa likakaguliwa na mtu mkali: ruzuku ndogo pamoja na meza. Neno “pamoja” ndilo muhimu. Ruzuku peke yake hailazi mtu. Aombe kituo kimsamehe kitanda, kisha ruzuku ilipe nauli na vifaa, na kwenye kila andiko ataje ombi la pili. Wafadhili hupenda kuona mwingine ameshaweka mkono.

Ukiwa na barua mbili na moja inadai jibu kabla ya ile nyingine kutoa uamuzi, omba siku saba, kwa sentensi mbili, ukitaja sababu ya kweli. Wengi hukubali. Ukishachagua, ikatae ile nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu nyuma yako kuna mtu wa kwanza kwenye orodha ya akiba anayesubiri kukata tiketi.